Mtoto asiyetamka ana maneno, sisi ndio hatujafunzwa kumsikiliza

JUMAPILI ya leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda liko nyumbani kwako, au nyumba ya pili kutoka kwako, nawe hujalitilia maanani. Ni habari ya mtu ambaye kinywa chake hakitoi maneno, lakini kichwa chake kimejaa maneno.

Hapa mtaani Tena, si mbali na Barabara ya Manyanja, kuna kijana wa miaka 14 ambaye nimemjua tangu akibebwa mgongoni. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haimtii, mikono humtii nusu nusu, na ulimi wake hauwezi kuunda maneno. Lakini masikio yake ni mazima, na akili yake, kama utakavyoona, ni kali kuliko ya wengi wetu tunaompita pale langoni tukimwambia mama yake, "Pole sana."

Miaka kadhaa iliyopita mama huyo alimpeleka kijana kliniki moja jijini. Huko wakapewa ubao wa picha. Ilikuwa kadibodi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye picha 24: kikombe, sahani, kitanda, choo, shati na kadhalika. Kijana angeelekeza kidole au jicho kwenye picha, na watu wa nyumbani wangejua anachotaka. Mama alielezwa kwa dakika chache, akaambiwa arudi baada ya miezi sita, akapanda matatu na kurudi Tena akiwa na furaha tele.

Mwezi mmoja baadaye ule ubao ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Miezi mitatu baadaye nilipita pale nikamkuta yaya akiutumia kupepea jiko la makaa. Tusimlaumu. Hakuna aliyemweleza ubao ule ulikuwa wa kazi gani.

Kisha likafika juma moja ambalo mama huyo hatalisahau. Kijana alilia usiku kucha, siku tatu mfululizo. Akapewa uji, akaugeuzia uso. Akabadilishwa nguo, akaendelea kulia. Nyanya yake, aliyekuwa amekuja kutoka mashambani, akasema huo ni ukaidi. Mjomba akasema mtoto amedekezwa kupita kiasi. Usiku wa nne dada yake wa miaka 12 aliketi kando ya kitanda akamwambia, "Kaka, ukitaka kusema ndiyo, tazama juu. Ukitaka kusema la, funga macho." Halafu akaanza kumuuliza pole pole. Ni tumbo? Ni mguu? Ni sikio? Alipotaja meno, macho ya kijana yalikwenda juu na kubaki huko huko. Asubuhi daktari wa meno alikuta gego limeoza na ufizi umejaa usaha.

Mama alilia siku hiyo kuliko alivyolia mwanawe. "Jirani," aliniambia, "mtoto amekuwa akisema siku tatu nzima. Sisi ndio hatukuwa na masikio."

TATIZO SI UBAO

Wataalamu wana jina la njia hizi. Huziita mawasiliano saidizi na mbadala, yaani njia zote anazotumia mtu kueleza yaliyo moyoni pale usemi wa kinywa unapokosekana au unapopungua. Kuna zisizohitaji kifaa chochote, kama vile kutazama, kutikisa kichwa na kuonyesha kwa mkono. Kuna za kadi, picha na ubao wa herufi. Na siku hizi kuna mashine na simu zinazotoa sauti mtu anapogusa picha.

Usidhani kwamba wanaozihitaji ni watoto wenye mtindio wa ubongo peke yao. Wamo watoto wenye usonji. Yumo mzee aliyepatwa na kiharusi akapoteza usemi asubuhi moja. Yumo aliyefanyiwa upasuaji wa koo. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya watu 110,000 wa umri wa miaka mitano na zaidi walihesabiwa nchini Kenya kuwa na shida ya mawasiliano.

Sasa, wengi wetu hudhani kazi kubwa ni kukipata kifaa. Tunafanya harambee, tunanunua, tunamkabidhi mtoto, kisha tunangoja asema. Asiposema twasema kifaa hakifai, au mtoto hana akili. Tunasahau kwamba mazungumzo ni ya watu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ubao hauna kinywa. Anayeufanya useme ni yule anayeketi mbele yake, akangoja, akatazama, akasoma kilichoonyeshwa, akajibu. Huyo ndiye tunayeweza kumwita mwenzi wa mazungumzo, na huyo ndiye aghalabu hafunzwi.

Watafiti wa nchi nyingi wameandika juu ya makosa ambayo wenzi wasiofunzwa huyafanya. Huzungumza wao tu. Huuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au la peke yake. Hawangoji jibu. Humkatiza mwenzao kabla hajamaliza kuonyesha. Mtoto naye, akiona kila mara anatanguliwa, hujifunza kunyamaza. Mwaka 2015, mtafiti Jennifer Kent-Walsh na wenzake huko Marekani walizikusanya tafiti 17 zilizohusu kuwafunza wenzi hao, wakaona kwamba wenzi wanapofunzwa, mawasiliano ya wale wanaotumia picha na vifaa huimarika. Kwa hivyo kumfunza mama, dada, mwalimu na yaya si jambo la ziada baada ya tiba. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

KITABU KILICHOANDIKWA KWA UKOPE

Ukitaka kuona mwenzi aliyefunzwa anaweza kufanya nini, mkumbuke Mfaransa Jean-Dominique Bauby. Alikuwa mhariri wa jarida maarufu la Elle. Mwezi wa Desemba 1995 alipatwa na kiharusi kilichomwacha amepooza mwili karibu wote. Hakuweza kutamka lolote. Kilichobaki kikimtii sawasawa kilikuwa ukope wa jicho la kushoto.

Mwenzake alimsomea herufi moja moja, zikiwa zimepangwa kwa kuanza na zile zinazotumika zaidi katika Kifaransa. Ikifika herufi aitakayo, Bauby alipepesa jicho. Herufi ikaandikwa, wakaanza tena. Kwa njia hiyo mwanamke aitwaye Claude Mendibil aliandika kitabu kizima kutoka kwenye ukope wa mtu mmoja. Kitabu kilitoka mwaka 1997, na Bauby akafariki siku chache baadaye.

Hapakuwa na mashine yoyote pale. Palikuwa na orodha ya herufi na mtu aliyejua kungoja.

Usiseme mambo hayo ni ya Ulaya peke yake. Hapa kwetu, huko Kilifi, Karen Bunning kutoka Uingereza na wenzake wa Kenya, akiwemo Joseph Gona, walifanya kazi na familia za mashambani zenye watoto wasioweza kusema. Mafunzo yalifanyika nyumbani, na aliyefunzwa kumsaidia mtoto ni mzazi au mlezi. Katika taarifa yao ya mwaka 2014 walieleza kwamba wazazi walianza kuona mabadiliko mema katika mawasiliano ya watoto wao. Kama jambo hilo limewezekana katika boma la Kilifi, kwa nini lisiwezekane katika nyumba ya Tena, Umoja au Donholm?

SOMO LA JUMAMOSI

Baada ya kisa cha jino, mama yule alimtafuta mtaalamu wa usemi. Mtaalamu alikuja nyumbani Jumamosi moja alasiri akaomba watu wote wanaomhudumia kijana wakusanyike. Tulikuwa mama, dada, yaya, nyanya, mjomba, mwalimu wa shule ya Jumapili, na mimi jirani. Jambo la kwanza alilosema lilitushangaza. "Leo mwanafunzi si kijana. Wanafunzi ni nyinyi."

Halafu akatufunga midomo. Kila mmoja wetu alitakiwa kwa dakika kumi asiseme neno, ila atumie ule ubao wa picha 24. Mjomba, aliyependa sana kusema mtoto amedekezwa, ndiye aliyeanza. Alitaka chai isiyo na sukari. Picha ya kikombe ilikuwapo, ya sukari haikuwapo, wala neno "bila" halikuwapo. Yaya akamletea chai yenye vijiko vitatu. Mjomba akatikisa kichwa, akaletewa maji. Akagonga meza, akaambiwa asiwe mkali. Kabla ya dakika ya tano alikuwa amenuna, amekunja mikono, hataki tena kucheza. Mtaalamu akamwuliza kwa upole, "Mzee, huo nao ni ukaidi?" Hakuna aliyecheka.

Jaribu zoezi hilo leo baada ya chakula cha mchana, mpenzi msomaji. Litakufunza zaidi ya hotuba yoyote. Ama yale tuliyofunzwa baadaye, hapa nakuandikia yaliyo muhimu.

Kwanza, keti usawa wa macho yake. Usimsimamie mtu kama askari. Zima redio, na ubao uwe karibu mahali anapoweza kuufikia. Ubao ulio nyuma ya mlango ni sawa na kinywa kilichofungwa kufuli.

Pili, ngoja. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ukishauliza, hesabu moyoni hadi kumi, na ukiona bado anajikusanya, hesabu tena. Mwili wake huchukua muda kutii akili yake. Ukirudia swali kila mara, unamlazimisha aanze safari upya.

Tatu, nawe tumia ubao huo huo unapozungumza. Ukisema, "Sasa tunakula," gusa picha ya kula. Mtoto anayesema alijifunza lugha kwa kusikia watu wakiisema. Huyu atajifunzaje lugha ya picha ikiwa hajaona mtu mzima hata mmoja akiitumia?

Nne, pokea kila njia. Akikutazama kisha akatazama mlango, hayo ni maneno. Usimwambie, "Tumia ubao," ikiwa umeshamwelewa.

Tano, rudia kwa sauti ulichoelewa ili athibitishe au akanushe. Na kama hukuelewa, sema hukuelewa. Usitikise kichwa kwa uongo ili umalize upesi. Kijana hujua unapomdanganya.

Sita, usimjaribu kama mtihani. "Nionyeshe kikombe, nionyeshe sahani." Nani kati yetu angependa kuzungumza na mtu anayemhoji hivyo kutwa? Mwulize jambo usilolijua jibu lake.

Mtaalamu hakutuambia mambo hayo kisha akaenda zake. Alituonyesha, akatuacha tujaribu mbele yake, akaturekebisha, na akarudi baada ya majuma mawili kuona kama tumesahau. Tulikuwa tumesahau nusu. Tukaanza tena. Mafunzo ndivyo yalivyo, na ukipewa kifaa mahali popote bila mafunzo ya namna hiyo, una haki ya kuyadai.

NENO LA KWANZA

Mtaalamu alipouangalia ule ubao wa zamani aligundua jambo ambalo sote hatukuliona. Picha zote 24 zilikuwa za vitu vya kuomba. Hapakuwa na "sitaki". Hapakuwa na "acha", wala "naumwa", wala "kwa nini". Ulikuwa ubao wa mtu anayetarajiwa kula, kunywa, kwenda choo na kulala.

Wakatengeneza mpya nyumbani, kwa picha zilizokatwa magazetini na nyingine zilizochorwa na dada mtu. Wakaongeza maneno hayo. Nawe unajua neno la kwanza alilolitumia? Ilikuwa ni "acha". Nyanya alikuwa akimlisha ugali kwa matonge makubwa, kama alivyomlisha tangu utotoni. Kijana akaburuta mkono hadi kwenye picha ile akaushikilia hapo. Nyanya alishtuka, kisha akamgeukia binti yake akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimkaba?"

Mzazi unaweza kuona uchungu, mtoto uliyemlea kwa jasho anapokwambia acha. Lakini fikiria. Mtoto asiye na njia ya kukataa atakataa nini siku atakapoguswa vibaya? Watu waovu huwachagua wasioweza kushtaki. Kwa hivyo ubao wa kijana, na hasa wa msichana, uwe na sehemu zote za mwili, uwe na watu wa nyumbani na majirani, uwe na "amenigusa" na "naogopa". Na wanaomsikiliza wawe zaidi ya mmoja, kwa sababu huenda anayemshtaki ndiye huyo huyo anayemshikia ubao.

Sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inaruhusu shahidi asiyejiweza kusaidiwa na mpatanishi mahakamani, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inaitambua nafasi ya mpatanishi wa kumsaidia mlalamishi au mshtakiwa kuwasiliana na mahakama. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Lakini haki hiyo itamfaa nini mtoto ambaye hakuna mtu wa kusoma anachokionyesha?

USIOGOPE

Kuna wazazi wanaokataa ubao kwa kuhofia kwamba mtoto ataridhika nao asijaribu tena kusema. Hofu hiyo naielewa, lakini haina msingi. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser waliyachunguza matokeo ya watu 27 waliofunzwa njia hizi. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na wengi wao uliongezeka kidogo. Isitoshe, mtoto mwenye njia ya kueleza haja yake hana sababu nyingi za kupiga kelele na kujiuma.

Wengine husema hawana pesa. Kadibodi ya sanduku la sabuni inatosha kuanza. Na mtoto akishajua kusoma, sisi Waswahili tuna bahati. Lugha yetu tuliifunzwa kwa ba be bi bo bu. Ukichora jedwali la silabi hizo, mtoto ataonyesha mara mbili tu na neno "baba" limekwisha, badala ya kuhangaika na herufi nne. Ukipenda kusoma herufi moja moja kama Claude Mendibil, anza na A, maana ndiyo inayotumika kupita zote katika Kiswahili.

Mahali pa kuanzia ni katika vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo vimekuwapo nchini tangu 1984, au katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani. Wataalamu wa usemi katika hospitali za umma ni wachache, hilo ni kweli. Ndiyo sababu ukishafunzwa wewe, mfunze na mwingine. Mama yule wa Tena amemfunza mama mboga wa kona yao, na sasa kijana hujichagulia ndizi mwenyewe. Amemfunza kinyozi. Makanga mmoja wa matatu amejua kwamba macho juu maana yake ni ndiyo, na humwuliza kijana mwenyewe kama ameketi vizuri, badala ya kumwuliza mama yake kana kwamba kijana ni mzigo wa viazi.

Nami bado najifunza. Juzi nilikwenda kumsalimu, nikaketi, nikaanza kumsimulia mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards, nani alikosea na nani alistahili kadi. Niliona mkono wake ukianza kutembea kwenye jedwali la silabi. Nikakumbuka nilivyofunzwa, nikanyamaza. Nikangoja. Ilichukua karibu dakika nne, na jasho lilimtoka. Dada yake akawa anasoma kwa sauti: u, na, se, ma, sa, na.

Unasema sana.

Alikuwa akicheka kwa mwili mzima. Nilimwomba radhi, nikamwuliza yeye alionaje mchuano ule, na safari hii nikafunga mdomo mpaka alipomaliza.

Mpenzi msomaji, kama yuko asiyetamka nyumbani kwako, uondoe ubao wake msumarini leo. Na kama yuko kwa jirani, usiishie kumwambia mama yake pole. Mwombe akufunze namna ya kumsalimu mwanawe, kisha ungoje ajibu. Tukutane Jumapili ijayo.